Kwa Nini Neti Yako Inaogopa Moto? Somo Kutoka Muleba

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, hebu tazama juu ya kitanda chako. Kama uko Bukoba au Muleba, kuna uwezekano mkubwa utaona neti imening'inia. Umeshaihesabu mara ngapi mashimo yake? Mara nyingi, bila shaka, hasa mbu akiimba sikioni. Lakini uzi wenyewe umewahi kuufikiria? Leo tuufikirie pamoja, maana uzi huo una historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa hapahapa Kagera.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1965 mkemia mmoja wa kampuni ya DuPont ya Marekani, Stephanie Kwolek, alipata kimiminika chepesi chenye ukungu ambacho wengine wangekimwaga. Yeye aliomba kisokotwe kuwa uzi. Ndipo ikazaliwa Kevlar. Kwa uzito uleule, Kevlar ina nguvu kama mara 5 ya chuma. Tena haiyeyuki: ukiichoma mpaka ikaribie nyuzi joto 500, inavunjikavunjika bila kuwa maji. Ndiyo maana ipo kwenye fulana za kuzuia risasi na glavu za mafundi wa tanuri.

Sasa swali: kama upo uzi imara namna hii, kwa nini neti isitengenezwe kwa huo? Unaweza kujibu haraka kwamba ni bei. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya jibu. Ili kupata nusu ya pili, inabidi kwanza tushuke ziwani.

Wazee wa pande hizi walianza na nyuzi za miti na majani. Wahaya walivaa nguo za magome ya mti zilizopondwa kwa nyundo ya mbao, na samaki walivuliwa kwa mitego na kamba za mimea. Mwaka 1905 nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia Ziwa Victoria kupitia Ghuba ya Winam, upande wa Kenya. Zilisukwa kwa uzi wa kitani. Kitani kina nguvu, ila adui yake ni maji yenyewe: vijidudu hukila, uzi unaoza. Mvuvi alilazimika kuanika wavu kila mara, na bado haukudumu.

Katika miaka ya 1950 ikaja nailoni, uzi uliobuniwa na Wallace Carothers na wenzake, DuPont hiyohiyo, mwaka 1935. Nailoni haiozi. Mvuvi akapumua! Lakini samaki hawakupumua. Wavu usiooza unavua siku nyingi zaidi, na ukipotea chini ya maji unaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Ngege, samaki aliyekuwa akipendwa kuliko wote, alikuwa tayari amepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Nyavu mpya hazikumpa nafasi ya kurudi. Umeona? Uimara uleule uliomfaa mvuvi uliligharimu ziwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "uzi huu ni imara," muulize: imara dhidi ya nini, na kwa faida ya nani?

Turudi kitandani. Neti za zamani, za pamba au poliesta, zilikuwa ukuta tu. Baadaye zikawa zinachovywa kwenye dawa ya kuua mbu, nyumbani, ndani ya beseni. Shida ni kwamba dawa ilioshwa na sabuni, na kila baada ya miezi 6 hivi ulitakiwa kuchovya tena. Kusema kweli, ni kaya ngapi zilikumbuka?

Hapo ndipo joto linapoingia. Nyuzi nyingi za plastiki hutengenezwa kama tambi: unaiyeyusha plastiki, unaisukuma kwenye vitundu vidogo, ikipoa inakuwa uzi. Wajapani wa kampuni ya Sumitomo Chemical wakajiuliza: kwa nini dawa isichanganywe humohumo, kabla uzi haujatoka? Tatizo ni kwamba poliesta huyeyuka karibu nyuzi joto 260, na dawa nyingi haziwezi kustahimili moto huo. Polithilini, ndugu wa plastiki ya ndoo na madumu, huyeyuka karibu nyuzi joto 130 tu. Pemethrini inahimili hapo. Ikachanganywa, asilimia 2 ya uzito wa uzi. Dawa ikakaa ndani, ikawa inajitokeza juu polepole kadiri ile ya nje inavyooshwa.

Kumbe udhaifu wa polithilini mbele ya moto ndio uliotufaa! Kevlar isingeweza kazi hiyo: kwa kuwa haiyeyuki, husokotwa kutoka kwenye asidi kali ya salfuriki. Dawa gani ingepona humo? Neti hizi za polithilini, Olyset, zilianza kutengenezwa Arusha na kiwanda cha A to Z mwaka 2003.

Hadithi ingeishia hapo kama mbu wangekubali. Hawakukubali. Muleba ilipata mlipuko mkubwa wa malaria mwaka 2006, na kuanzia 2007 nyumba zikapuliziwa dawa za jamii ileile iliyo kwenye neti. Mbu wakazizoea. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha usugu wa hali ya juu. Yaani uzi ulikuwa mzima, dawa ipo, ila mbu anatua na kuondoka zake.

Ndipo mwaka 2015 kaya za Muleba zikashiriki jaribio kubwa la watafiti wa Chuo cha Tiba cha KCMC, NIMR na wenzao wa London. Maeneo 48 yaligawanywa kwa bahati nasibu. Mengine yalipata neti za kawaida, mengine neti zenye kiungo cha pili, PBO, kilichochanganywa ndani ya uzi uleule wa polithilini. PBO huzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuivunja sumu. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 42 kwenye neti za kawaida, na asilimia 29 kwenye neti za PBO. Baada ya miezi 21 ikawa 62 kwa 45. Kutokana na ushahidi huo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza neti za PBO mwaka 2017 kwa maeneo yenye mbu sugu. Dunia ilijifunza kwa watoto wa Muleba.

Lakini zitazame tena hizo namba. Zote mbili zilipanda. Katika jaribio hilohilo, waliosema wanalala ndani ya neti walikuwa asilimia 77 baada ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili wakashuka hadi 59. Neti zinachanika, na nyingine huishia ziwani kuvulia dagaa, ambako zinazoa hata vifaranga. Jaribio lililofuata, Misungwi mkoani Mwanza, lililochapishwa 2022, lilionyesha kwamba nguvu ya PBO hufifia kabla ya miaka 3 ambayo neti inatarajiwa kudumu. Iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa na dawa nyingine, klofenapiri, iliyopakwa juu ya poliesta. Uzi ule tuliouacha umerudi!

Kwa hiyo usiku huu, ukishatazama, fanya mambo matatu. Tundu lishone leo, usingoje liwe dirisha. Ukifua, tumia sabuni ya kawaida na uanike kivulini, kwa sababu jua kali huharibu dawa. Na kibatari kiweke mbali. Uzi unaokulinda uliyeyushwa kwa joto dogo ili dawa ipone ndani yake. Hautauvumilia moto wako.