Dawa ya mchwa ya mzee na mkataba wa Stockholm

Huku Hagsätra, mwisho wa reli ya metro kusini mwa Stockholm, mchwa hakuna kabisa. Lakini historia ya dawa ya mchwa wetu imepita kwenye mji huu.

Mdogo wangu kaniandikia: "Kaka, mzee alimwaga dawa msingini mara moja tu mwaka 1978, na nyumba iko salama mpaka leo. Mimi nimemwaga juzi juzi, mchwa washafika kwenye kenchi. Nimeuziwa maji?"

Huenda. Ila sikiliza kwanza.

Kopo la mzee, nakumbuka, liliandikwa dieldrini. Hiyo na ndugu yake aldrini zilipewa majina ya Otto Diels na Kurt Alder, Wajerumani waliogundua njia ya kemia iliyotumika kuzitengeneza. Walipewa Tuzo ya Nobel hapa Stockholm mwaka 1950. Dawa zenyewe zilikuwa ngumu kufa: kwenye majaribio ya Mississippi, Marekani, dieldrini ilizuia mchwa zaidi ya miaka 20. Ugumu huo ndio ukawa balaa. Zilikaa ardhini, zikaingia kwenye samaki, mpaka kwenye maziwa ya mama. Mei 2001 mataifa yakatia saini mkataba wa kuzikomesha, hapa hapa Stockholm. Ulianza kazi mwaka 2004, na mwaka huo huo Kenya na Tanzania zikauridhia.

Zikaja dawa zenye umri mfupi, na hapo ndipo udongo ulipoanza kuonyesha tabia zake. Mfinyanzi na mboji huishika dawa: haiendi mbali, lakini mchwa anaipata kidogo. Kichanga hakiishiki: mchwa anaipata upesi, ila mvua inaweza kuishusha hadi kisimani. Udongo wa chokaa, kama ule wa pwani juu ya matumbawe, huivunja upesi dawa iitwayo klopirifosi. Nayo hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya mkataba mwaka 2025.

Kwa hiyo, mdogo wangu, dawa ya mzee ilidumu kiasi kwamba hakuhitaji kuujua udongo wake. Wewe unahitaji. Ulowanishe, ufinyange mkononi, kisha umweleze mtaalamu uliyoyaona kabla hujanunua tena.

Na lile kopo la zamani stoo, usilifungue. Kisima cha mama kiko nyuma ya ukuta huo huo.

Wasalaam.