Bastola ya Kale na Habari Zake katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Mtu akikuletea bastola ya kale akakuambia, "Hii ilikuwa ya bwana mkubwa wa Wadachi aliyepigana Mahiwa," usimjibu upesi. Huenda asema kweli, na huenda naye aliambiwa hivyo na yule aliyemwuzia. Lakini chuma chenyewe kimeandikwa. Kina mwaka, kina namba, kina alama ya kiwanda. Na mtu ajuaye kuyasoma maandiko hayo atapata habari ambayo muuzaji hakumpa, na pengine habari ya kumpinga muuzaji.

Wako watu, hasa katika Ulaya na Marekani, ambao hukusanya silaha za vita vya zamani kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu. Bastola ikisemwa kuwa imetoka Afrika ya Mashariki, bei yake hupanda mara moja, na kwa ajili hiyo hadithi nyingi hutungwa. Sisi wa Kilwa, Lindi na Newala tuna haki ya kuyajua mambo haya kuliko wengine, maana kinachouzwa pamoja na chuma hicho ni habari za nchi yetu.

Kwanza na tutazame ni silaha gani zilizokuwa zikipita katika pwani hii. Hapo kale bunduki za wenyeji zilikuwa gumegume, zilizowashwa kwa jiwe, na magobori ya kushindilia kwa mdeki, mengine yakiwashwa kwa fataki. Ziliingia kwa majahazi katika bandari za Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, zikapanda bara pamoja na nguo na shanga. Katika mwaka wa 1888 watu wa pwani walipoondoka kupigana na kampuni ya Wadachi, manowari za Wadachi na Waingereza zilifunga pwani ili silaha zisipite. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mapatano huko Brussels. Walipatana kwamba bunduki zisiletwe katika sehemu ile ya Afrika iliyo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, isipokuwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Serikali zilijiwekea bunduki mpya kwa ajili ya askari wao.

Mapatano hayo yaeleza mengi. Hassan bin Omari Makunganya alipoishambulia Kilwa Kivinje katika mwaka wa 1894, na watu wa Matumbi walipoanza vita vya Maji Maji mwezi wa Julai 1905, adui wao walikuwa na bunduki za viasi, yaani zile zinazotiwa kwa nyuma ganda la shaba lenye baruti na risasi pamoja. Wao wenyewe, kwa sehemu kubwa, walikuwa na magobori, mikuki na mishale. Makunganya alinyongwa Kilwa mwezi wa Novemba 1895. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Mtu akikuonyesha bastola ya kijeshi ya Kizungu akasema ilikuwa silaha ya wapiganaji wa Maji Maji, ni lazima aeleze ilivyotekwa, maana haikupatikana dukani.

Hata miongoni mwa askari wa Wadachi bastola zilikuwa chache. Askari alipewa bunduki. Kwa miaka mingi ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, iliyotumia baruti nyeusi na kutoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Bastola ilikuwa silaha ya ofisa, ya sajini wa Kizungu na ya baharia. Katika siku za Makunganya bastola ya jeshi la Wadachi ilikuwa ile ya silinda yenye viasi sita, ya namna mbili: ya 1879 yenye mtutu mrefu na ya 1883 yenye mtutu mfupi. Ni chuma kizito, na makombora yake matupu hutolewa moja moja. Baada yake ikaja bastola iliyotungwa na Georg Luger. Manowari za Wadachi ziliipokea mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Hiyo ndiyo inayotafutwa sana na wakusanyaji, na ndiyo inayosemewa uongo mwingi.

Luger ni rahisi kuitambua. Juu yake, kwa nyuma, ziko pingili mbili za chuma zilizoungwa kama goti. Risasi itokapo, mtutu na goti hurudi nyuma pamoja kidogo. Kisha goti hukunjika kwenda juu, ganda tupu hurushwa nje, na goti linaponyoka tena husukuma kiasi kipya ndani. Viasi vinane hukaa katika magazini, yaani kile kikopo cha bati kinachoingia ndani ya mpini. Juu ya goti mara nyingi pameandikwa DWM kwa herufi zilizosokotana, au neno Erfurt chini ya taji. Na juu ya chemba, mahali kiasi kinapolala, bastola za jeshi zilizotengenezwa tangu 1910 zimepigwa mwaka.

Soma mwaka huo kabla ya kusikiliza hadithi. Vita Kuu ilipoanza katika mwaka wa 1914, njia ya bahari kwa Wadachi ilifungwa. Meli mbili tu ziliweza kupenya na kuwaletea silaha. Ya kwanza ilifika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, mwezi wa Aprili 1915. Ikapigwa na manowari ya Waingereza, na viasi vilivyopatikana humo vikawa vimelowa maji ya chumvi, vikabidi kukaushwa. Ya pili iliitwa Marie. Hiyo ilitia nanga katika ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, mwezi wa Machi 1916. Ilileta mizinga, viasi, dawa na nguo, na shehena hiyo yote ikabebwa vichwani na wapagazi kwenda kaskazini. Wapagazi hao ndio waliokuwa reli na motokaa za vita ile, nasi majina yao hatunayo. Marie ikapenya tena kutoka Sudi, ikaenda zake Batavia.

Baada ya Marie hapakufika meli nyingine. Mwezi wa Novemba 1917 Wadachi walituma chombo cha angani, L 59, kutoka Bulgaria, kikiwa na silaha na dawa. Kilifika juu ya Sudani kikaamriwa kurudi. Basi Luger iliyopigwa mwaka 1917 au 1918 haikuweza kuwa mikononi mwa ofisa wa Kidachi pale Mahiwa, ambako walipigana toka tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917. Yaweza kuwa bastola halisi, nzuri kabisa, iliyopigana Ufaransa. Lakini si ya Mahiwa. Hata ya mwaka 1916 ina mashaka makubwa, kwa kuwa Marie iliondoka Ulaya mwanzoni kabisa mwa mwaka huo.

Hukumu ya namna hiyo hutumika kwa upande wa pili pia. Bastola ya Kiingereza iitwayo Webley, ya silinda ya viasi sita, ambayo hukunjika katikati ili kutoa makombora yote kwa mara moja, ilikuwa na namna nyingi. Ile ya sita, yenye alama ya VI, ilipokewa na jeshi mwaka 1915. Mtu asikuambie kwamba ilipigana Tanga katika Novemba 1914.

Watu husema pia kwamba Luger yenye mtutu mrefu ni ya manowari Königsberg, ile iliyozamishwa na mabaharia wake wenyewe mtoni Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Ni kweli kwamba bastola ya wanamaji ina mtutu wa milimita 150, na ya jeshi milimita 100. Lakini bastola hizo ziligawiwa merikebu zote za Kaisari, kwa hiyo urefu wa mtutu peke yake si ushahidi.

Na ikiwa Luger imepatikana Newala au kando ya Ruvuma, angalia kwa makini zaidi. Jeshi la Wareno nalo lilinunua Luger, za milimita 7.65. Juu ya chemba yake zina taji na herufi M2, alama ya mfalme Manuel wa Pili, na penye neno la Kidachi GELADEN, maana yake "imejazwa", pameandikwa kwa Kireno CARREGADA. Wareno waliishika Newala mwezi wa Oktoba 1916 wakafukuzwa mwezi uliofuata. Mwaka wa pili, tarehe 25 Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akawapiga Ngomano, akateka silaha zao, kwa kuwa zake zilikuwa zimeishiwa viasi. Alipojitoa kwa Waingereza huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki 1,071 zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Silaha katika nchi hii zilibadili mikono kuliko watu walivyobadili nguo.

Sasa habari ya maungo yake na maradhi yake. Kabla ya jambo lolote toa magazini, kisha vuta goti ufungue, utazame ndani ya chemba kwa macho. Neno GESICHERT likionekana kando, bastola imefungwa isipige. Kile chuma cha juu kikiinuka na kuonyesha GELADEN, kimo kiasi ndani. Lakini chuma cha miaka mia moja kisiaminiwe kuliko macho yako.

Kisha tazama namba. Luger ya jeshi ina namba nzima, na vipande vyake vidogo vimepigwa tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo. Zikiachana, ujue vipande vimetoka bastola nyingine. Wakusanyaji wengi huikataa bastola ya namna hiyo. Mimi naona wanakosea kidogo kwa habari ya zile za Afrika, maana jeshi lililokatiwa njia ya bahari lilitengeneza kitu kimoja kwa vipande vya kingine. Lakini bei yake na iwe ya chini.

Ugonjwa ulio mkubwa wa Luger ni kukwama: ganda tupu hubanwa na goti, au kiasi kipya hakipandi. Aghalabu lawama hutiwa kwenye goti, na kumbe kosa liko kwingine. Goti hutaka kiasi chenye nguvu. Kikiwa dhaifu, halirudi nyuma vya kutosha. Springi ya magazini ikichoka, kiasi huchelewa kufika juu. Mchanga na mafuta yaliyoganda hulizuia kabisa, maana vipande vyake vimepatana kwa karibu mno. Kwa Webley tazama silinda: ukiivuta nyundo mpaka mwisho, silinda isitikisike, na kila tundu likae sawasawa na mtutu. Huko Marekani nyingi zilichongwa nyuma ya silinda zipate kupokea viasi vya Kimarekani, ambavyo nguvu yake hupita kiasi cha chuma kile. Kazi hizi zote ni za fundi wa bunduki mwenye leseni, wala si za mtu mwenye tupa nyumbani.

Viasi vya kale visipigwe kamwe, wala visigongwe kuviondolea kutu. Ukivikuta shambani, viache pale pale ukawaite polisi.

Kutu ya pwani yetu ni adui wa peke yake, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi. Futa chuma kwa mafuta membamba, usikisugue kwa msasa, usikipake rangi upya, kwa maana ukiifuta alama umeufuta ushahidi. Wala usiiweke bastola ndani ya kifuko chake cha ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza ukigusana na chuma. Weka mbali mbali.

Na hayo yote ni kwa mwenye ruhusa. Bastola ya mwaka 1912 ambayo bado yaweza kupiga ni silaha ya moto, na katika Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi yataka leseni kwa kila mwenye kuishika. Kuchimbua mahali pa kale bila idhini kumekatazwa pia, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Tena silaha iliyofukuliwa Mahiwa kwa siri, ikauzwa mbali, hufika huko bila habari ya shimo ilimotoka na vitu vilivyokuwa kando yake, na habari hiyo hairudi tena.

Mwisho, ukipewa nafasi ya kuitazama Luger ya jeshi pamoja na vifaa vyake, ulizia magazini. Kila bastola ilitolewa na mbili, zote zimepigwa namba ya bastola, na ile ya akiba ina alama ya kujumlisha kando ya namba. Nyingi zimepoteza zote mbili. Ukizikuta zote, na namba zikapatana, na mwaka ukawa kabla ya 1916, hapo mkalishe muuzaji chini, umwombe akueleze polepole aliipata kwa nani, kijiji gani na mwaka gani, nawe uandike.