Chelo-kababu na Haji wa Sokoni

Mpwani akilitaja neno kababu, huiona nyama iliyotwangwa, ikafanywa viduara na kukaangwa kwa mafuta. Muajemi hulitaja neno hilo hilo akauona moto wa makaa. Kwake kababu ni nyama, aghalabu ya kondoo, iliyotungwa katika chuma kipana na kuchomwa. Na iliyo tukufu zaidi huandamana na wali. Hiyo ndiyo chelo-kababu.

Wali huo una adabu zake. Mchele hurowekwa katika maji ya chumvi, ukachemshwa usiive, ukachujwa, kisha ukaachwa uive kwa mvuke hata chini ukashika ukoko. Ukoko huo, ambao kwengine huachiwa watoto jikoni, Muajemi humkirimia mgeni. Juu ya wali huwekwa siagi. Pembeni nyanya za kuchoma, kitunguu kibichi na unga mwekundu wa sumaki wenye ukali wa ndimu.

Mchele wa Iran hulimwa zaidi Gilan na Mazandaran, kandoni mwa Bahari ya Kaspi. Kwengineko watu wengi waliishi kwa mkate. Wali, basi, ulikuwa chakula cha wenye nacho. Katika karne ya 19, zama za wafalme wa Qajar, chelo-kababu ilipata jina mjini Tehran, na mikahawa ya sokoni ikaisogeza karibu na watu.

Miongoni mwa wenye mikahawa hiyo, katika karne iliyofuata, alikuwa Haji Hassan Shamshiri. Mwaka 1951 Iran iliyataifisha mafuta yake, na Mohammad Mosaddegh akashika uwaziri mkuu. Uingereza ikayawekea mafuta hayo vikwazo, hazina ikakauka. Serikali ikawauzia wananchi hati za mkopo, na Shamshiri, muuza kababu, akazinunua kwa wingi. Mosaddegh alipopinduliwa mwezi Agosti 1953, kwa mkono wa Marekani na Uingereza, mapenzi hayo yalimponza Haji: alihamishiwa kisiwa cha Khark, ndani ya Ghuba.

Baadaye kisiwa hicho kilikuja kuwa bandari kuu ya kusafirishia mafuta ghafi ya Iran. Aliyelikopesha taifa lake ili mafuta yawe ya wananchi, alitupwa pale pale ambapo mafuta hayo yalikuja kupakiwa melini.