EISCAT

EISCAT ni mtandao wa rada za kisayansi zinazochunguza ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye elektroni na ioni, katika maeneo ya karibu na ncha ya kaskazini. Ulianzishwa mwaka 1975 na Norwei, Uswidi, Ufini, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Baadaye Japani na China zilijiunga. Makao yake makuu yako Kiruna, Uswidi.

Sababu ya mahali

Karibu na ncha, mistari ya uga wa sumaku wa dunia hushuka karibu wima na kuelekeza chembe zitokazo anga za mbali hadi angahewani. Zikigonga oksijeni na nitrojeni kwenye kimo cha kilomita 100 hivi na zaidi, huzuka nuru ya aurora, mikondo ya umeme na joto. Baluni haifiki huko, na satelaiti haidumu kwenye kimo hicho. Rada hukipima kutoka ardhini kwa saa nyingi mfululizo.

Namna ya kupima

Mawimbi ya redio ya masafa mafupi hurudishwa chini na ionosfia, ndiyo maana husikika nchi za mbali. Yale ya EISCAT yana mitetemo mingi zaidi kwa sekunde, hivyo hupenya. Elektroni hutawanya sehemu ndogo sana tu ya mawimbi hayo, nayo hurudi ardhini kama mwangwi. Kwa kuwa mwangwi huo ni hafifu, huhitajika mitambo yenye nguvu kubwa na antena pana. Ukichambuliwa, huonyesha wingi wa elektroni, joto la elektroni na la ioni, na kasi ya ioni. Mbinu hii ilipendekezwa na Mmarekani William E. Gordon mwaka 1958, ikathibitishwa na Kenneth Bowles mwaka huohuo.

Vituo

Rada ya kwanza, yenye dishi la mita 32, ilijengwa Ramfjordmoen karibu na Tromsø, Norwei. Vipokezi vya Kiruna na Sodankylä, Ufini, vilinasa mwangwi uleule kutoka pembe tofauti, hivyo mwendo wa ioni ukajulikana katika pande zote tatu. Mwaka 1996 ilizinduliwa rada ya Svalbard, karibu na Longyearbyen. Dishi lake la pili, la mita 42, halizunguki, bali limeelekezwa sambamba na uga wa sumaku. Mradi wa EISCAT_3D, wenye kituo kikuu Skibotn, Norwei, hutumia maelfu ya antena ndogo zisizosogea, ambazo miale yake huelekezwa kielektroniki.