Impidensi na radi katika antena za redio ya ridhaa

Kuoanisha impidensi ni kuifanya antena ilingane na kebo inayoilisha, ili nguvu ya redio itoke hewani badala ya kurudi ilikotoka. Redio za ridhaa na kebo zake za koaksia kwa kawaida ni za omu 50. Daipoli ya nusu wimbi, inayolishwa katikati, haina tabu kubwa: ikiwa mbali na ardhi ina omu 73 hivi.

Kazi ipo kwenye waya unaolishwa mwishoni. Wa bendi ya mita 40 una urefu wa mita 20 hivi, na pale mwishoni volti ni nyingi, mkondo ni mdogo, impidensi hukaribia omu 2,500. Dawa yake ni pete ya feraiti inayoenea kiganjani, imezungushiwa waya mara 2 upande wa redio na mara 14 upande wa antena. Mizunguko ikizidi mara 7, impidensi huzidi mara 49. Omu 2,450 zikawa 50.

Koili hiyo, ikifungwa kwenye ethi, pia huteremsha taratibu chaji inayojikusanya juu ya waya kabla ya mvua. Hilo si kinga ya radi, na kulichanganya na kinga ni hatari. Pigo la kawaida hufikia ampea 30,000, na hapo kinachoamua ni njia ya kushukia. Kila mita ya waya ina induktansi ya maikrohenri 1 hivi. Mkondo ukipanda ampea 10,000 ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, mita hiyo moja huzua volti 10,000, hata waya uwe mnene. Kwa hiyo waya wa ethi uwe mfupi, usipindwe kwa kona kali, na kizuia radi cha gesi kifungwe nje, kebo inapoingilia.

Kosa baya zaidi ni kuchimbia antena ethi yake na kuiacha mbali na ya nyumba. Radi ikipiga, tofauti ya volti kati ya ethi hizo mbili hupita ndani ya redio, toka tundu la antena hadi plagi ya umeme. Ziunganishwe.

Kandokando ya Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, kebo ichomolewe na kutolewa nje kabla wingu halijafika. Ngurumo ikishasikika, isiguswe.