Maabara na Mtihani: Fizikia katika Sekondari za Tanzania

Fizikia iliingia katika sekondari za Tanganyika ikiwa imekwisha kupangwa kwingine. Wakati wa ukoloni wa Uingereza, mtaala, maswali na usahihishaji vilitoka Cambridge, kwa bodi ya mitihani iliyotoa Cheti cha Shule kwa makoloni mengi ya Kiingereza. Mtahiniwa aliweza kufanya fizikia kama somo kamili, au fizikia na kemia zikiwa somo moja, au sayansi ya jumla iliyoongeza na biolojia. Shule yenye chumba kimoja cha sayansi na mwalimu mmoja wa kukitumia haikuwa na uchaguzi mpana. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa Kiafrika walikutana na fizikia ikiwa nusu ya somo au theluthi yake.

Mada zenyewe zimebadilika kidogo mno tangu hapo: umakanika, joto, mwanga, sauti, sumaku na umeme. Kilichobadilika zaidi ni vipimo. Vizazi vya kwanza vilikokotoa kwa futi na pauni, kisha kwa sentimita, gramu na sekunde, hadi mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, uliopitishwa mwaka 1960, ulipofika madarasani na kuwalazimu wachapishaji kutoa vitabu upya. Miongoni mwa vitabu hivyo ni kile cha A. F. Abbott cha kiwango cha kidato cha nne, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1963, na kile kinene cha Nelkon na Parker cha mwaka 1958 kwa kidato cha tano na sita. Vyote viwili viliandikwa kwa ajili ya shule za Uingereza, na mifano yake ilikuwa ya huko. Hata hivyo nakala zake ziliendelea kupita mkono kwa mkono Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, na wapo walimu wa leo waliojifunzia humo.

Tangu mwanzo somo hili lilikuwa na sehemu mbili zisizolingana. Nadharia ilihitaji ubao, chaki na kitabu. Vitendo vilihitaji rula ya mita, mizani, springi, saa ya kusimamisha, kipande cha kioo na pini zake, ameta, volta mita na waya wa ukinzani. Vingi kati ya vitu hivyo viliagizwa kutoka nje kwa meli, na kikiharibika kimoja jaribio zima lilisimama. UNESCO ililiona tatizo hilo kuwa la dunia nzima. Mwaka 1956 ilitoa kitabu cha marejeo kwa walimu wa sayansi, kilichotokana na kijitabu kilichoandaliwa kwa ajili ya shule zilizobomolewa na Vita vya Pili vya Dunia. Kilifundisha namna ya kutengeneza vifaa kwa makopo, chupa, uzi na vipande vya mbao. Miaka michache baadaye, mwaka 1962, taasisi ya Nuffield ya Uingereza ilianzisha mradi wa kumfanya mwanafunzi agundue kanuni kwa kujaribu mwenyewe kabla ya kuikariri, na fikra hiyo ikafika Afrika Mashariki kupitia mradi wa sayansi mashuleni. Ilikuwa fikra nzuri, lakini ilidai vifaa na muda, vitu viwili ambavyo shule nyingi hazikuwa navyo.

Tukio mashuhuri kuliko yote katika historia ya somo hili nchini lilianzia nje ya ratiba ya maabara. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi ya friji ilikuwa finyu na kila mmoja aliigombea. Mwenzake alipoamua kutochemsha ya kwake ili awahi, Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu, aliingiza maziwa yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi aiskrimu yake ilikuwa imeganda, na ya mwenzake bado. Mwalimu aliyeulizwa sababu alimjibu kwamba amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali. Alisikia kutoka kwa watengenezaji aiskrimu wa mjini Tanga kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi ili ugande upesi. Alipofaulu na kwenda Mkwawa, Iringa, shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu na kubadilishwa baada ya uhuru, alilileta tena swali lake katika somo la kanuni ya Newton ya kupoa. Alichekwa. Mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ile ya watu wote, na darasa likageuza maneno hayo kuwa utani wa kila anapokosea. Siku moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi. Alichukua bika mbili, moja akatia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Aliporudi, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na maji ya moto.

Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, alifika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akamuuliza mbele ya wote. Wenzake waliona aibu. Osborne hakuamini alichoambiwa, lakini alikubali kwamba jambo hilo linapimika. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, naye akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda kweli, ila atarudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Majaribio yaliyofuata yalitoa matokeo yaleyale. Makala ya wawili hao ilichapwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, Moshi.

Aristotle, Bacon na Descartes waliwahi kuandika juu ya maji ya moto kuganda haraka, lakini tukio hili limebaki na jina la mwanafunzi wa Magamba. Ubishi nao haujaisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora ya sababu yake na kupokea majibu yapatayo 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Uingereza walipima upya na kudai kwamba hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba tukio hilo lipo. Kwa historia ya shule za Tanzania, hata hivyo, uzito wa kisa uko kwingine. Aliyepata kitu alikuwa na friji, bika na mlango wa maabara usiofungwa. Na kikwazo chake kikubwa kilikuwa darasa lililoamini kitabu kuliko kipimo.

Baada ya uhuru mtihani ulihama. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilishika nafasi ya Cambridge, Tanzania ikajitoa humo mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizaa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, na fizikia ikapata makao imara katika shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Serikali haikukubali, ingawa istilahi ziliendelea kuandaliwa na mwaka 1990 ikatoka kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Pigo kwa vitendo lilitokana na jambo jema. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za kata nchi nzima, na nyingi zilifunguliwa bila maabara wala mwalimu wa fizikia. Tayari ulikuwapo mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtahiniwa alipewa vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa na kuchorewa vifaa, naye akajaza jedwali, akachora grafu na kutafuta mteremko. Kwa njia hiyo mtu aliweza kupata cheti chenye fizikia bila kuwahi kuning'iniza penduli. Katika miaka hiyohiyo fizikia na kemia ziliunganishwa tena kuwa somo moja, kama enzi za Cambridge, na baada ya muda mfupi zikatenganishwa.

Kampeni ya kujenga maabara katika kila sekondari ya kata, iliyopamba moto mwaka 2014 kwa michango ya wananchi, ndiyo juhudi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa kwa ajili ya vitendo. Ilidai vyumba vitatu kwa kila shule: cha fizikia, cha kemia na cha biolojia. Kuta zilisimama upesi kuliko zilivyopatikana meza, gesi, umeme na ameta, na mwalimu wa fizikia ameendelea kuwa miongoni mwa walimu adimu zaidi katika sekondari za serikali.