Santuri ya Ellington iliyokawia njiani miaka mitatu

Ukichukua ramani ukaanza kuitafuta Mashariki ya Mbali ndani ya santuri ya Duke Ellington, kiongozi wa bendi ya jazi ya Marekani, iitwayo The Far East Suite, utahangaika. Utakuta Damascus, utakuta mlima wa Lebanon, utakuta Delhi na Agra, utakuta Isfahan ya Iran. Japani, ambayo ndiyo pekee inayostahili jina hilo, imewekwa mwisho kabisa, nayo ilitokana na safari nyingine. Kibaya zaidi kwa anayependa mambo yanyooke, wimbo unaopendwa kuliko yote humo ulikuwa umeshaandikwa kabla bendi haijapanda ndege. Pamoja na hayo yote, kati ya santuri za bendi kubwa zilizotokana na safari za ughaibuni, mimi sijasikia inayoizidi hii.

Safari yenyewe ilikuwa ya serikali. Tangu mwaka 1956 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa ikiwagharamia wanamuziki wa jazi wazunguke dunia. Wa kwanza alikuwa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na bendi yake, kwa msukumo wa mbunge wa Harlem, Adam Clayton Powell Jr. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi. Wasovieti hawakuchoka kuuliza ni nchi gani hiyo inayohubiri uhuru huku ikiwabagua raia wake weusi, na Washington ikaona afadhali iwatume hao hao weusi wakapige muziki. Mpiga tarumbeta mwenzake, Louis Armstrong, alizunguka Afrika mwishoni mwa 1960. Nairobi ilimwona, na hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, alifika na kupiga wakati jimbo la Katanga limejitenga na Kongo yenyewe inawaka moto.

Zamu ya Ellington ilifika Septemba 1963, akiwa na miaka 64. Alianzia Damascus. Kutoka hapo bendi ikapita Jordan, Afghanistan, India, Ceylon, Pakistan zote mbili, ya magharibi na ya mashariki, kisha Iran, Kuwait, Lebanon, Iraq na Uturuki. Kabul walipiga katika uwanja wa Ghazi, ambako watu wamezoea kwenda kutazama michezo. Huko nyumbani nako hakukuwa na utulivu: tarehe 15 Septemba, bendi ikiwa safarini, wabaguzi walilipua kanisa la weusi mjini Birmingham, Alabama, wakaua wasichana wanne. Waandishi wa habari kila walikopita walimuuliza Ellington kuhusu ubaguzi. Hakuukana, lakini pia hakupenda kugeuzwa shahidi wa upande wowote. Alijibu kama balozi mwenye akili anavyojibu, yaani kwa namna inayomwacha muulizaji akitabasamu bila kujua hasa ameambiwa nini.

Njiani kulikuwa na misukosuko ya kutosha kuandikia riwaya. Delhi, Ellington aliugua akalazwa hospitali, na piano akaachiwa mtunzi mwenzake, Billy Strayhorn. Baghdad, mwezi Novemba, ndege za kivita zilishambulia ikulu wakati bendi imo mjini. Halafu ikaja tarehe 22 Novemba. Bendi ilikuwa Ankara habari za kuuawa kwa Rais Kennedy zilipowafikia. Serikali ikafuta sehemu iliyobaki ya ziara, na wanamuziki wakarudishwa nyumbani. Uamuzi huo haukuwapendeza, kwa sababu waliona muziki ungeweza kufanya kazi ya maombolezo vizuri kuliko ukimya.

Sasa, mwanamuziki mwingine angefika New York, akakodi studio wiki ile ile, akaingiza zumari mbili tatu na ngoma za mkono, akauza. Ellington hakufanya hivyo. Alishasema kwamba hakutaka kuandika mbio mbio, kwa kuwa anayeandika mbio huishia kunakili. Alitaka yale aliyoyasikia yazame kwanza, yachanganyike na muziki alioujua tangu utotoni, ndipo yatoke yakiwa yake. Mapema 1964, bendi ilipokwenda Uingereza, walipiga vipande vinne chini ya jina la Impressions of the Far East: Amad, Agra, Bluebird of Delhi na Depk. Viliendelea kupigwa jukwaani na kurekebishwa. Mwaka huo huo bendi ikaenda Japani, na huko kikapatikana kipande kingine. Studioni hawakuingia mpaka Desemba 1966, mjini New York, kwa kampuni ya RCA Victor. Kazi ya miaka mitatu ikarekodiwa kwa siku tatu, tarehe 19 hadi 21.

Walioingia walikuwa 15: matarumbeta manne, matromboni matatu, wapuliza saksafoni na klarineti watano, besi, ngoma, na bosi kwenye piano. Gita halimo kabisa. Msomaji aliyekulia na Tabora Jazz au Morogoro Jazz, ambako gita ndilo linalosema na wengine wanaitikia, inabidi ahamishe sikio, kwa maana humu kila mpulizaji ana sauti yake na Ellington aliandika kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya ala. Harry Carney, aliyekuwa naye tangu miaka ya 1920, anabeba Agra peke yake kwa saksafoni nzito ya baritoni. Wimbo unalihusu Taj Mahal, na mtu angetarajia kitu chepesi cha kumeremeta. Badala yake unapata sauti ya mzee anayezungumza taratibu mbele ya kaburi. Na Taj Mahal ni kaburi, jambo ambalo watalii husahau.

Amad inasemekana ni jina la Damascus lililokatwa na kusomwa kinyumenyume. Kipande kinakimbia, bendi nzima inafukuzana, kisha trombone ya Lawrence Brown inapanda juu yao kwa mkokoto mrefu ambao wasikilizaji wengi wamesikia ndani yake adhana. Mwislamu wa pwani hatadanganyika kwamba ni adhana yenyewe. Hakuna aliyejaribu kuiiga. Ila atatambua jinsi sauti moja inavyoweza kusimama juu ya kelele za mji mzima bila kugombana nazo.

Depk imetokana na dabke, ngoma ya Waarabu wa Sham ambayo wachezaji hushikana mikono na kukanyaga ardhi kwa pamoja. Mount Harissa ni ule mlima wa Lebanon wenye sanamu ya Bikira Maria, na humo Paul Gonsalves anapuliza saksafoni yake ya tenor kwa sauti yenye ukungu. Bluebird of Delhi ina hadithi ya kuchekesha: Strayhorn alikuwa chumbani kwake hotelini Delhi, na ndege aina ya maina alikuwa akiimba nje, mluzi ule ule kila mara. Kila yeye na wenzake walipojaribu kumwimbia ajibu, ndege alinyamaza. Klarineti ya Jimmy Hamilton ndiyo inayomwigiza, na mwishoni unasikia kama vile ndege amewacheka wote. Blue Pepper sitaisemea mengi. Ina mdundo wa roki wa miaka ile, inasisimua mara ya kwanza, basi.

Turudi kwenye Isfahan, ule wimbo unaopendwa kuliko yote, maana hapo ndipo hoja yote ilipo. Strayhorn aliuandika kabla ya ziara, ukaitwa Elf, na bendi iliurekodi katikati ya 1963 bila kuutoa. Baada ya kuuona mji wa Isfahan wakaubadilisha jina. Wapo wanaouona huu kuwa udanganyifu mdogo: wimbo wa nyumbani umevalishwa kanzu ya Kiajemi. Mimi nauona kuwa ndio ushahidi wa namna Ellington na Strayhorn walivyofikiri. Hawakwenda Mashariki kutafuta sauti za kubeba. Walikwenda wakiwa tayari na muziki wao, wakafika mahali, wakagundua kwamba kuna wimbo wao uliokuwa ukipasubiri mahali hapo. Johnny Hodges anaupuliza kwa saksafoni ya alto muda wa dakika nne, akiteleza kutoka noti hadi noti kana kwamba ala yake haina vitufe. Bendi nyuma yake inapumua tu. Baada ya kuusikia, jina la Elf linaonekana ndilo lililokosewa.

Santuri inafungwa na Ad Lib on Nippon, zaidi ya dakika kumi na moja, piano na besi ya John Lamb zikianza kwa kupapasa na klarineti ya Hamilton ikimalizia kwa mbio. Hiyo ndiyo Japani, na pengine ndiyo iliyowapa ujasiri wa kuandika Mashariki ya Mbali kwenye jalada.

Katika miaka ile ya kusubiri, Ellington alipata pigo moja la heshima. Mwaka 1965 jopo la muziki la tuzo ya Pulitzer lilipendekeza apewe tuzo maalumu kwa kazi ya maisha yake, bodi ikakataa. Serikali ilikuwa tayari kumtuma Baghdad kwenye mabomu aiwakilishe sanaa ya Marekani, lakini wakubwa wa sanaa hiyo nyumbani hawakuwa tayari kumwita mtunzi. The Far East Suite ilipotoka mwaka 1967 ilishinda Grammy katika kundi la bendi kubwa za jazi.

Strayhorn hakuishi kuiona tuzo hiyo. Saratani ya umio ilikuwa imemshika tangu 1964, na alifariki tarehe 31 Mei 1967, akiwa na miaka 51. Majina yao wawili, Ellington na Strayhorn, yamo pamoja kwenye vipande vinane kati ya tisa. Muda mrefu wasikilizaji walisoma jina la kwanza tu. Agosti ya mwaka ule Ellington aliirudisha bendi studioni kurekodi santuri nzima ya kazi za rafiki yake, ikiwemo Blood Count, ambayo Strayhorn aliiandika akiwa hospitalini. Hodges ndiye aliyeipuliza, yule yule wa Isfahan.

Mwaka 1999 mpiga ngoma Anthony Brown wa California, na bendi yake ya Wamarekani wenye asili ya Asia, waliirekodi upya The Far East Suite yote, safari hii wakiingiza ala za asili za Asia ambazo Ellington aliziacha. Ilipendekezwa kwa Grammy. Ni kazi nzuri, na inafaa kusikilizwa baada ya ile ya 1966, si kabla.